Mshindi, bingwa, kinara: namna ya kumtaja aliyeshinda bila kumpa cheo kisicho chake

Mwongozo huu ni wa anayeshika kipaza sauti kwenye mbio za Moshi, katibu wa michezo anayejaza vyeti Arusha, mwandishi wa redio anayewahi taarifa ya saa mbili usiku, na fundi wa kuchonga makombe aliyeambiwa "weka hapo bingwa" bila kuelezwa bingwa wa nini. Maneno ya ushindi tunayo mengi na watu huyachanganya kana kwamba ni yale yale. Kila moja lina sharti lake, na sharti likikosekana, cheti kinageuka uongo au taarifa inaombewa radhi kesho yake.

Kabla ya kuandika neno lolote, uliza maswali matatu. Kilichoshindwa ni nini: shindano la siku moja, cheo, kesi, kura au vita? Nani mwenye mamlaka ya kutangaza, na je, ameshatangaza? Cheo hicho kinaisha lini? Ukikosa jibu la swali la pili, usiandike "mshindi". Andika "anaongoza".

Mshindi, bingwa na mwenye rekodi

Mshindi ni wa tukio. Aliyetangulia kuvuka mstari wa kumalizia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika mwaka fulani ndiye mshindi wa mbio za mwaka huo, na miaka inayofuata haimnyang'anyi. Bingwa ni wa cheo. Leo cheo kina mwenyewe, mashindano yajayo kinaweza kuhamia kwa mwingine. Kwa hiyo mshindi mtajie mwaka, bingwa mtajie mipaka: bingwa wa wilaya, wa mkoa, wa Taifa, wa dunia, wa uzani gani, wa umri gani. "Bingwa" likiachwa peke yake kwenye cheti ni sifa tupu. Tena mjini Moshi msomaji anaweza kuwaza hospitali ya KCMC, kwa daktari bingwa wa mifupa, ambaye hakushindana na mtu.

Mfano mzuri ni Filbert Bayi wa Karatu. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alishinda mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa 3:32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Siku moja akapata majina matatu, na kila moja likawa na umri wake. Mshindi wa 1974 ni yeye mpaka leo. Ubingwa wa Jumuiya ya Madola ulimtoka mjini Edmonton mwaka 1978, alipomaliza wa pili nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza. Rekodi ya dunia aliichukua Sebastian Coe mwaka 1979 kwa 3:32.03. Ajabu ni kwamba rekodi ya michezo yenyewe ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi Birmingham, 2022. Anayeandika leo "Bayi, mwenye rekodi ya dunia" amekosea, na anayeandika "mshindi wa zamani wa 1974" amekosea pia. Ushindi wa 1974 hauna uzamani. Andika "mshindi wa mita 1500 Christchurch 1974, aliyewahi kuwa mwenye rekodi ya dunia".

Hapo pana tofauti ndogo inayosahaulika. "Aliyekuwa bingwa" ni yule aliyekuwa na cheo hadi juzi, kabla ya huyu wa sasa. "Aliyewahi kuwa bingwa" ni wa wakati wowote uliopita. Fabiano Joseph alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 mjini Edmonton, kwa hiyo ni "aliyewahi kuwa". Ukiandika "aliyekuwa", msomaji ataelewa kwamba kavuliwa jana.

"Bingwa mtetezi" nalo lina sharti: lazima awe amejiandikisha kutetea. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, na Mashindano ya Dunia yanayofuata ni Beijing 2027. Katikati ya hapo yeye ni bingwa wa dunia. Atakuwa mtetezi pale tu atakapoingia mbio za Beijing. Vivyo hivyo kwa mbio za mitaani kwetu: aliyeshinda mwaka jana na safari hii hakuja ni "mshindi wa mwaka jana", hakuna anachotetea akiwa kwao.

Mbio: kuanzia mstari wa kumalizia hadi cheti

Marathoni ni kilomita 42.195. Nusu ni 21.0975, ambayo kwenye vyeti huandikwa 21.1. Zile za kilomita 5 za kujifurahisha kwa kawaida hazina mshindi, hata kama kijana mmoja wa Majengo kawaacha wenzake dakika nne nyuma. Kama waandaaji hawakuweka zawadi wala majaji wa nafasi, huyo ni "wa kwanza kumaliza", na cheti chake ni cha ushiriki kama cha wenzake. Mtangazaji akishamuita mshindi, familia yake itakuja kudai zawadi mezani.

Nafasi haisomwi kwenye saa. Kwa kanuni za riadha, anayetangulia ni yule ambaye kiwiliwili chake kimefika kwanza kwenye ukingo wa mstari. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi. Tena kwenye mbio za barabarani muda hupandishwa hadi sekunde nzima inayofuata: 2:09:44.32 huandikwa 2:09:45. Ndiyo maana Tokyo, Simbu na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa 2:09:48 ilhali kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Mwenye kusoma muda peke yake angetangaza sare, na kumbe dhahabu ni ya mmoja. Kwenye cheti basi, nafasi iandikwe kwanza, kwa maneno, kisha muda. Muda ukiwa peke yake hauthibitishi kitu.

Upo pia muda wa chipu na muda wa bunduki. Chipu, kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji, huanza kuhesabu anapokanyaga zulia la kuanzia, bunduki huanza kwa wote kwa pamoja. Nafasi za juu hutolewa kwa bunduki. Kila mwaka hutokea mtu aliyeanzia nyuma kabisa, akapata muda mzuri wa chipu, akaja kulalamika kwamba kaibiwa nafasi. Muda wake uandikwe kwenye cheti chake cha kumaliza, ushindi ubaki kwa aliyetangulia. Hili lisemwe kwenye fomu ya kujiandikisha. Likisubiri jukwaani, ugomvi umeshaanza.

Pingamizi kwa kawaida hupewa dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Ndani ya muda huo neno salama ni "matokeo ya awali": "Kwa matokeo ya awali, aliyetangulia ni…" Dakika zikipita bila pingamizi, ndipo jina la mshindi lisomwe kwa mbwembwe zote.

Mshindi wa pili ni mshindi? Kwa Kiswahili chetu, ndiyo. Tunasema mshindi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi kama zawadi zinafika huko. Juma Ikangaa alikuwa mshindi wa pili wa Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mshindi wa kwanza wa New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Hakuna anayetatizika. Tatizo linakuja pale mwandishi anapofupisha kichwa cha habari kuwa "Mtanzania mshindi Boston". Nafasi ikiwa siyo ya kwanza, itajwe hapo hapo kwenye kichwa, isifichwe aya ya tatu. "Makamu bingwa" waachie wachambuzi wa soka. Kwenye cheti linachekesha.

"Mshindi wa jumla" ni jina lenye kazi mbili, nalo huleta mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Kwenye mbio zenye makundi ya umri, ni yule aliyewashinda watu wa makundi yote. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, ni mkoa uliokusanya ushindi wa michezo yote ukawa juu. Kabla ya kulitumia, sema umejumlisha nini: "mshindi wa jumla, makundi yote ya umri" au "mshindi wa jumla, michezo yote".

Upande wa wanawake, chunga kiungo. "Bingwa wa wanawake" mtaani kina maana yake nyingine, na umati wa uwanja wa Sheikh Amri Abeid hausubiri kualikwa kucheka. Tumia "bingwa kwa upande wa wanawake" au "mshindi wa kwanza, wanawake", na mkato usiuache. Kulitaja kundi la wanawake na kuliacha la wanaume bila jina pia si sawa. Andika "wanaume" na "wanawake" pande zote mbili.

Kisha saa. Muda wa 1:14:09 ukiuandika "saa 1:14", mtu ataelewa kuwa mbio ziliisha asubuhi na mapema. Andika "Muda: 1:14:09", na kipaza sauti kiseme "ametumia saa moja, dakika kumi na nne na sekunde tisa". Kitenzi "ametumia" ndicho kinachookoa. Saa za kuanza nazo ziandikwe kwa Kiswahili: saa 12:30 asubuhi, siyo 6:30. Mgeni wa nje atasoma kwenye karatasi yake.

Maandishi ya cheti yasizidi haya:

CHETI CHA USHINDI
Kinatolewa kwa (jina kama lilivyo kwenye fomu)
mshindi wa pili, kilomita 21.1, wanawake
(jina la mbio, mahali, tarehe)
Muda: 1:14:09

"Kwa kutambua mchango wake mkubwa" na "kwa kuonesha nidhamu ya hali ya juu" ni mambo ya vyeti vya kuagwa kazini. Hapa yafute.

Majina ni mtihani kwa mtangazaji wa kaskazini. Siku moja utasoma la Kiiraki, la Kibarbaig, la Kimaasai, la Kichaga na la Kikalenjini kutoka ng'ambo ya Namanga. Mfuate mkimbiaji kabla hajapanda jukwaani, mwambie alitamke, liandike kwa mikato jinsi ulivyolisikia: Gi-da-mis Sha-han-ga. (Huyo wa mfano alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, na mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Jina lake si la kubabaisha.) Anza na wa tatu, kisha wa pili, umalizie na wa kwanza. Kila mmoja: nafasi, jina, anakotoka, muda. Ukitanguliza wa kwanza, makofi yanaisha na wenzake wanapanda watu wakiwa wanatafuta daladala.

Sarufi inayoangusha wengi

Bingwa, shujaa, gwiji na jemadari wingi wao una "ma-", lakini ni watu, kwa hiyo upatanisho ni wa watu. Mabingwa wapya wamefika. Siyo "mabingwa mapya yamefika". Bingwa wetu, mashujaa wetu. Kinara na vinara vivyo hivyo: vinara wamepoteza pointi mbili, siyo "vinara vimepoteza". Taji, kombe na mkanda ni vitu, navyo vifuate ngeli zake: taji limetetewa, mkanda umerudi nyumbani.

"Kidedea" halina wingi wala halisimami peke yake. Timu imeibuka kidedea, wasichana wameibuka kidedea. "Kidedea wa mashindano" hakuna.

Kushinda ni kumshinda mtu au kushinda kitu. Kujishindia ni kupata zawadi. Ameshinda mbio, amejishindia laki tano. Wa droo ya bia au ya mtandao wa simu hakushindana na yeyote, kwa hiyo ni "mshindi wa droo" na "amejishindia pikipiki". Bingwa wa bahati nasibu hayupo.

Halafu kushinda ni pia kukaa kutwa. "Timu ya Arusha imeshinda nyumbani" yaweza kumaanisha wachezaji hawakutoka. Ongeza mabao au mpinzani: "imeshinda 2-1 ikiwa nyumbani". "Ameshindwa" nalo lina pande mbili. "Ameshindwa kufika" ni hakuweza, "ameshindwa na fulani" ni kazidiwa. Kiungo "na" kikidondoka kwenye kichwa cha habari, maana inageuka.

Na mshindani siyo mshindi. Ni yeyote aliyeingia. Watangazaji wanapenda "asiyekubali kushindwa si mshindani", na ni msemo mzuri wa kuwapozea walioachwa, mradi usisemwe huku mtoto wa darasa la tano analia pale mbele. Kwa watoto, "walioshindwa" liache kabisa. Soma nafasi zao mpaka unapoishia.

Ligi, kombe na ulingo

Kinara ni anayeongoza msimamo sasa hivi. Bingwa ni yule ambaye hata akipoteza mechi zote zilizobaki hakuna wa kumfikia. Hesabu ni fupi: mechi zilizobaki za anayemfuata, zidisha kwa tatu, jumlisha na pointi zake. Zikiwa pungufu ya pointi za kinara, ubingwa umeshapatikana. Zikilingana, soma kanuni kwanza uone wanatenganishwa kwa kitu gani. Kinara wa mabao vivyo hivyo si "mfungaji bora" mpaka mechi ya mwisho.

Mechi iliyoamuliwa kwa penalti andika "wameshinda kwa mikwaju ya penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1". Usiandike 5-4. Timu isipotokea, ni ushindi wa mezani, na ndugu zangu wa redio, kitenzi cha "kuchapa" hapo hakina kazi kwa sababu hakuna aliyechapwa. Kwenye ngumi taja njia: kwa pointi, kwa KO (mpinzani ameangushwa akashindwa kuendelea), kwa TKO (mwamuzi amesimamisha pambano). Bondia aliyeshinda pambano lisilo la mkanda anabaki mshindi wa pambano. Ubingwa haukuwa mezani. Wawili wakilingana na kanuni ikawaruhusu kugawana, ni "mabingwa wa pamoja".

Uchaguzi

Huku majina hubadilika kwa hatua, na kila hatua ina anayeitangaza. Anayechukua fomu ndani ya chama ni mtia nia. Akipata kura nyingi kuliko wenzake wa chama, "ameongoza kura za maoni", basi. Vikao vya juu vinaweza kumteua mwingine. Akiteuliwa anakuwa mgombea. Msimamizi wa uchaguzi akishamtangaza, ni mshindi, na hadi aapishwe ni mbunge mteule au diwani mteule. Akiapa, "mteule" linaondoka.

Asiye na mpinzani, pale sheria iliporuhusu asipigiwe kura, "alipita bila kupingwa". Kumwandika kuwa kashinda kwa kishindo ni kumtilia kura ambazo hazikupigwa. Matokeo ya vituo kumi vya Ngarenaro siyo matokeo ya jimbo la Arusha Mjini. Mtangazaji ana maneno mawili tu hapo: "anaongoza" na "kwa matokeo ya vituo kadhaa". Maneno ya ulingoni, ya kubwaga na kugaragaza, yanafaa mpira. Kwenye uchaguzi yanachochea. Aliyezidiwa kura ana jirani na ndugu waliompigia.

Mahakamani

Kesi ya madai ina mdai na mdaiwa. Mmoja wao anaweza kuandikwa kuwa ameshinda kesi. Mara nyingi ushindi huwa nusu: madai matano, mawili yamekubaliwa. Andika "ameshinda sehemu ya madai yake" na utaje ni sehemu gani. Kwenye rufani ni mrufani na mjibu rufani, na kumbuka kwamba mdaiwa wa chini anaweza kuwa mrufani wa juu. Wengi hupotea hapo na kumpa ushindi asiyehusika. Kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ni mleta maombi na mjibu maombi, na mjibu maombi ni nchi.

Kesi ya jinai haina mshindi. Mshtakiwa anaachiwa huru, au anatiwa hatiani. Jamhuri haiibuki mshindi, na mshtakiwa aliyeachiwa hakutwaa kitu. Amerudi kwake. Tenganisha mambo matatu yanayofanana kwa mbali: ameachiwa huru baada ya hukumu, mashtaka yamefutwa (yanaweza kurudishwa), na ameachiwa kwa dhamana (kesi bado ipo). Picha ya mtu akikumbatiwa nje ya mahakama haisemi ni lipi kati ya hayo. Uliza karani, au wakili.

Vita na mikataba

Pambano ni moja, vita ni mapambano mengi. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, ndiye kipimo kizuri kwa mwandishi wa Kilimanjaro. Juni 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani na kamanda wao von Bülow akauawa. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi chini ya von Schele na safari hiyo Meli akashindwa. Machi 2, 1900, wakamnyonga. Kwa hiyo "Meli, mshindi wa pambano la 1892" ni sahihi. "Meli aliyewashinda Wajerumani", bila mwaka, ni nusu ya habari. "Shujaa Meli" halihitaji mwaka, kwa kuwa shujaa si lazima awe ameshinda.

Hilo linatumika hadi riadha. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, goti limefungwa bandeji baada ya kuanguka. Shujaa, ndiyo. Mshindi, hapana, na hakuna haja ya kumbandika neno hilo ili aheshimike.

Majeshi hayatwai ubingwa. Yanateka, yanatwaa mji, yanakomboa, na chaguo la kitenzi linaonyesha umesimama upande gani. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979, wiki chache baada ya Waganda waliokuwa uhamishoni kukutana Moshi mwezi Machi kuunda serikali ya kumrithi Idi Amin. Anayeandika "iliangushwa", "ilitekwa" au "ilikombolewa" anaandika habari tatu tofauti. Ukitaka neno lisiloegemea, "majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala" linatosha.

Mapatano hayana mshindi hata kidogo, na Arusha ndiyo imeona mengi. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa hapa Agosti 4, 1993. Wa Burundi, Agosti 28, 2000, mazungumzo yakiwa yameongozwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela. Wa kutajwa hapo ni "pande zilizotia saini" na "mpatanishi". Kichwa cha habari kinachosema upande fulani umeibuka na ushindi mezani kinaweza kuwarudisha watu msituni. Kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kule Kibosho ni hivyo hivyo: wazee wakishapatanisha, andika walichokubaliana na alama za mpaka zilipo, usimtaje aliyeshinda.

Maneno ya kunogesha

Gwiji na nguli ni wa miaka mingi ya kazi. Usimpe kijana wa mashindano mawili. Galacha na mkali ni ya mtaani, yanafaa kwenye kipaza sauti. Mbabe ni anayewaonea wenzake kwa nguvu, kwa hiyo ngumi na mpira unaruhusu, mbio za shule hapana, na kwa mzee ni utovu wa adabu. Mwamba hufaa vijana wa Chuga, yaani Arusha, wakishangilia mwenzao, na kwenye cheti halifai. "Mangi" kwa kila mshindi wa Kichaga ni utani wa dukani. Lakini ni cheo cha ukoo, na wapo wenye nacho wamekaa pale jukwaa kuu.

Kombe, kibati na hundi

Kibati cha shaba chenye upana wa sentimita 6 hubeba herufi zisizozidi 20 kwa mstari, mistari mitatu, kama unataka kisomeke bila miwani. Mstari wa kwanza cheo, wa pili kundi, wa tatu jina la mashindano na mwaka. Cheo kiandikwe kwa umbo fupi: MSHINDI WA KWANZA, au BINGWA WA MKOA. Jina la mtu lisichongwe kabla ya siku yenyewe, hata awe anategemewa vipi. Mwambie fundi aache mstari mmoja zaidi wazi, chini ya hiyo mitatu, umpelekee jina lililonakiliwa kwenye fomu, kwa herufi kubwa, Jumatatu pingamizi zikiwa zimeisha. Kombe linalorudishwa kila mwaka halifai kibati kimoja. Agiza kitako chenye nafasi kumi au zaidi, vibati vidogo viongezwe mwaka hadi mwaka.

Kwenye mfano wa hundi, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno: Sh 500,000, shilingi laki tano tu. Jina la mshindi liandikwe kwa kalamu ya wino mzito hapo hapo uwanjani, na neno "mfano" liwe kubwa kiasi cha kuonekana. Wapo washindi waliokwenda na hundi hiyo benki.